Mtoto Aliyebaki Sokoni

Ukitaka kumjua yule mchoraji, anza na mbuzi. Kulikuwa na hadithi ya watoto ya mbuzi mkorofi, na mchoraji akagoma: hachori mbuzi mpaka mbuzi asimame mbele yake. Dada yake, mwenye kampuni ya vitabu, akamwambia mbuzi ni mbuzi, wote wana pembe na ndevu, chora tumalize. Wapi! Mbuzi akaazimwa, akasukumwa ngazini mpaka juu, akasimama kwa adabu zote, na walipogeuka kidogo tu akawa ameshatafuna nusu ya historia ya posta ya mji, ambayo kesho yake ilikuwa iende kwa mpiga chapa.

Ndivyo walivyoishi. Kampuni yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani. Kimoja cha dada mtu, aliyeitwa Mama Vitabu na mtaa mzima, kimejaa maboksi hata mlango hauwezi kufunguka wote. Cha pili cha mdogo wake, chenye dirisha kubwa na meza ya kuchorea. Walitoa hadithi za watoto zenye picha, na vijitabu vya historia ya mji, mtaa baada ya mtaa. Katika vyote, mchoraji alikuwa na sharti moja tu: kitu asichokiona hakichori. Nyumba ya zamani alikwenda kuikalia mbele na kigoda chake. Kama ilishabomolewa, wazee wangembembeleza wee, wakimweleza madirisha yalivyokuwa na rangi ya mlango, naye angecheka: "Asiyekuwapo na lake halipo, mzee wangu." Lawama zikamwangukia dada. Alinung'unika, lakini alijua fika kwamba watoto walivipenda vitabu vyao kwa sababu hiyohiyo. Kuku wao alikuwa kuku kweli, mwenye haraka zake.

Vilivyopendwa kupita vyote ni vya Kidoti. Kidoti alikuwa binti wa mchoraji, mwana wa pekee, ana doa jeusi shavuni na mdomo usiojua kupumzika. Shangazi alitunga maneno, baba alichora, mtoto alisimama. Na alisimama kwa masharti, kama baba yake.

"Shangazi, kitabu kijacho nataka nipande ndege."

"Utapanda kitanda, ulale."

Katika kila kitabu Kidoti anatumwa mahali, mambo yanaharibika, halafu anarudi nyumbani. Ukurasa wa mwisho ni mlango ulio wazi, na Kidoti anaingia mbio. Watoto walioujua ukurasa ule waliufungua kwanza, kuhakikisha, ndipo wakarudi mwanzo kusoma kwa raha.

Katika kitabu cha nne Kidoti anapotea sokoni. Baba akachora picha zote, ikabaki ya mlangoni. Ile iliyoitangulia ilimwonyesha Kidoti peke yake katikati ya miguu ya watu wazima, kikapu kimeshapotea, analia. Siku ya kuichora mtoto alijiliza kwa bidii, akafanikiwa, kisha akajicheka mpaka akapata kwikwi. Ya mlangoni tutafanya wiki ijayo, baba alisema. Wiki ijayo mtoto akashikwa na homa. Ilianza kama homa zote zinavyoanza, wakampa dawa, wakampeleka hospitali, na hospitali ikawarudishia maiti.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mchoraji hakurudi kazini. Alikaa nyumbani kwake kwenye kiti kilekile, analetewa chakula, kinapoa, kinaondolewa. Mama Vitabu alifungua ofisi peke yake. Walimu walikuja kuuliza: Kidoti mpya yuko wapi? "Anakuja," aliwajibu, na wakishatoka anajibanza nyuma ya maboksi na kulia kama mtoto.

Lakini si walimu waliomkosesha raha. Ni ile picha. Kila akifungua kabati, Kidoti yumo, sokoni, analia, hana wa kumshika mkono. Mama Vitabu hakuwa mtu wa mizungu. Alikuwa mwanamke wa tarehe na majina ya barabara, na alijua karatasi ni karatasi. Hata hivyo hakuweza kuvumilia. Mtoto wa watu hawezi kuachwa namna ile, alijiambia. Lazima afike nyumbani.

Akaenda kwa mdogo wake.

"Mdogo wangu, umebaki ukurasa mmoja."

"Nitamchora nikimwona."

"Sasa utamwona wapi?" Neno lilimtoka, akalijutia hata kabla halijaisha mdomoni.

"Ndilo ninalokuuliza wewe, dada."

Basi akamwendea mchora mabango wa mtaa wa pili, mtu mzima mwenye mkono mwepesi, aliyezoea kuchora vichwa vya wateja kwenye kuta za vinyozi. Akampa vile vitabu vitatu avifuatishe. Yule bwana akachagua cha kwanza, maana humo ndimo uso ulimoonekana vizuri. Na kazi yake, tusimnyime haki yake, ilikuwa nzuri: mlango wazi, mikono ya mama imenyooshwa, na Kidoti anaingia mbio, anacheka, pengo mbele. Mama Vitabu alipoiona alishusha pumzi aliyoizuia tangu msiba.

Angeipeleka moja kwa moja kwa mpiga chapa, hadithi ingeishia hapo. Lakini haikuwahi kutoka picha pale bila mdogo wake kuipitisha, na mazoea yana taabu. Akaifunga kwenye gazeti, akampelekea.

Mchoraji aliitazama muda mrefu. "Pengo," akasema.

"Pengo gani?"

"Hili jino lilishaota, dada. Kabla hata ya kitabu cha pili." Akaisogeza kwenye mwanga. "Tena mfupi. Alikuwa ananifika hapa." Akajigusa juu ya kiuno.

Mama Vitabu moyo ulimruka. Kumbe bado anaona! "Basi rekebisha," akamwambia. "Jino ni kazi ya dakika."

Siku chache baadaye alikuta jino lipo na miguu imerefuka. Mdogo wake ameoga, meza ameivuta dirishani. "Bado nywele," alisema. Safari nyingine nywele zimesukwa, bado mikono. Safari nyingine mikono iko sawa, lakini gauni limekuwa fupi. Mpiga chapa akawa anauliza, walimu wanauliza, na jibu la mchoraji ni lilelile: bado kidogo. Mwishowe Mama Vitabu akachoka. Akaenda na bahasha kubwa ya kubebea picha, amekaza uso, ameshaamua.

Wifi yake aliiona bahasha akamvutia ukumbini.

"Wifi, nakuomba. Usiichukue."

"Nimesubiri vya kutosha, wifi. Ni kitabu cha mtoto wetu."

"Najua. Lakini tangu uilete anakula. Analala. Anaongea naye, namsikia kutoka jikoni. Kama ni vizuri au vibaya sijui, mimi sijasomea. Ninachojua, ukiondoka nayo utaniachia yule wa kwenye kiti."

"Na Kidoti abaki kule sokoni?"

Wifi alimtazama bila kuelewa. Halafu akaelewa, na uso wake ukalegea wote. "Si yuko humu ndani, wifi? Nikipeleka chai namtazama. Ameshafika."

Mama Vitabu alirudi na bahasha tupu. Walimu akawaambia kitabu hakitatoka, na wale waliouliza kwa nini aliwajibu kwa mkato hata wakaona bora wanyamaze. Picha za sokoni akazifunga kamba akaziweka chini kabisa ya kabati. Mwaka ule alitoa historia ya stendi ya mabasi, isiyo na picha hata moja, na hakuna aliyeisifu.

Mwaka ukazunguka. Siku moja asubuhi alipita kumjulia hali mdogo wake, akamkuta mezani. Karatasi ilikuwa imekonda kwa kufutwafutwa, pembeni imejikunja, mahali pengine mwanga wa dirisha unapenya. Mlango wa kwenye picha ulikuwa umeongezwa kimo. Kidoti alikuwa na sare na mkoba begani, shingo imerefuka, mashavu ya utotoni yameanza kumtoka.

"Ameingia darasa la tatu," mdogo wake akasema bila kuinua macho.

Maneno Mama Vitabu alikuwa nayo. Alikuwa nayo tayari, mafupi na ya kweli, kama alivyozoea kuyaandika: mtoto huyu alikufa, mwezi fulani, mwaka fulani. Alimtazama wifi yake aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akamtazama mdogo wake, kisogo kimeshaanza mvi. Akavuta kiti, akaketi karibu yake, wakawa wanaitazama pamoja.

"Viatu vinamtosha?" akauliza.

Mchoraji akainama, akaangalia kwa makini.

"Vinambana," akasema, akachukua kifutio.