Cheni ya Josephat

Wiki tatu baada ya maziko, mwaka ule wa 1983, Dinah alikokota baiskeli ya marehemu mumewe, Josephat, hadi kibanda cha Zephaniah mjini Voi. Zephaniah alikuwa fundi, na alikuwa rafiki wa marehemu tangu shuleni.

"Shemeji, nimepata mtu wa kuinunua. Anasema gia ya mbele ni mbovu. Hebu niangalilie."

"Kaa hapo," Zephaniah akasema, akimsogezea kiti.

Zephaniah hakuwa amelia, hata makaburini. Watu walimsifu kwa kujikaza kiume. Kumbe hapakuwa na cha kukaza. Alikula, akalala, akaziba pancha, yote bila kuhisi chochote. Josephat alianguka na baiskeli hiyo akiteremka kutoka Wundanyi, saa tisa mchana, barabara kavu. Na kwa kuwa hakuna mwanakanisa aliyemwona akianguka, wote walijua kilichomwangusha: pombe. Mtu aliyekuwa ameacha kunywa miaka sita! Wakamsimamisha Dinah uongozi wa kina mama hadi maneno yaishe, nao wenyewe ndio waliokuwa wakiyasema.

Fundi aliining'iniza baiskeli, akazungusha pedali kwa mkono na kuvuta kishikio cha gia. Cheni ilipanda kutoka gurudumu dogo la meno hadi kubwa, ikapitiliza, ikaangukia nje. Akairudisha. Ikaanguka tena.

Alikuwa fundi wa baiskeli nyeusi za mizigo, zisizo na gia, na kwa fundi wa namna hiyo kitu kikigoma dawa ni kukilegeza au kukikaza. Miezi miwili nyuma Josephat alilalamika kwamba cheni haipandi. Zephaniah akaona skrubu inayokizuia kile kibano cha kusukuma cheni kisitoke nje mno, akailegeza mizunguko miwili. Cheni ikapanda, wakaenda kunywa chai. Sasa aliinama akatazama vizuri. Kibano chenyewe kilikuwa kimekaa juu mno. Kidole kilipita kati yake na meno, mahali palipopaswa kupita unene wa shilingi tu. Kilitaka kushushwa. Skrubu haikuwa na kosa lolote tangu mwanzo, na bila kizuizi chake, mtu akivuta gia kwa nguvu mteremkoni, cheni inatoka na mguu unakanyaga hewa.

Alilitazama kosa hilo kama la fundi mwingine. Alijua anapaswa kuumia. Akasubiri, maumivu hayakuja. Kuikaza ile skrubu ilikuwa kazi ya dakika moja. Baiskeli ingeuzwa, na hakuna ambaye angejua.

"Shemeji," akasema, "Josephat hakuwa amelewa. Ni mimi."

Akamweleza yote bila kupamba. Dinah hakupiga yowe. Alisimama, akashika pedali, akataka aonyeshwe pa kuvuta. Cheni ikaanguka.

"Irudishe."

Ikaanguka tena. Dinah akaitazama ikining'inia, macho makavu.

Zephaniah akanyoosha mkono kuchukua bisibisi. Dinah akaiwahi.

"Usiitengeneze. Jumapili utakuja nayo kanisani hivi hivi ilivyo. Utaizungusha mbele ya watu wote, na utawaambia ulivyoniambia mimi."

"Wataniita muuaji, shemeji."

"Mume wangu wamemwita mlevi, naye hawezi kujibu. Wewe unaweza."

Zephaniah aliitazama cheni, kisha akamtazama mama huyo.

"Nitakuja," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu maziko akaogopa.