Mtaa wa Milango Mitatu

Nalala. Nalala tena, aibu gani hii, nimekaa kwenye kiti cha ukumbini na kanga mpya ya kupokelea wageni, mchana kweupe, pilau inanukia mpaka kwa jirani, na mimi nalala. Leo wanakuja watu wa upande wa Twahiri kumposa binti yangu Mwanamvua, na mama mwenye nyumba kichwa kinamwangukia kifuani. Si uvivu. Usingizi wangu una jina, daktari kaniambia, ni jeni moja iliyoharibika mkiani, herufi zake tatu zimejirudia humo kupita kiasi, ndiyo inayonilaza ovyo, ndiyo inayofanya nikishika kitu vidole visikubali kuachia. Akaniambia na lingine: mlete binti apimwe kabla hajashika mimba, maana huenda umemrithisha, na ugonjwa huu ukipita kwa mama unaweza kumshukia mtoto kwa nguvu zaidi, akazaliwa mlegevu, hata titi asiweze kulivuta. Nikaitikia, ndiyo daktari. Mwanamvua sijamwambia. Nitaanzaje? Posa ikivunjika watu watasema nini? Basi nalala, na kizingiti cha ukumbi kinasogea chini ya miguu yangu, navuka, na nikivuka niko mtaani. Mwanzoni pana karakana, na ndani yake fundi anabandika alama ndogo kifuani mwa kila anayepita, wewe amka, wewe tulia, wewe kaza, wewe legeza. Namjua. Ndiye kile kimeng'enya alichonichorea daktari, protini inayozibandika protini wenzake chembe ya fosfati ili zijue la kufanya. Kumbe ni wewe unayenitesa, namwambia. Fundi hasimami. Mimi kazi yangu naifanya, anasema, shida yako iko nyuma ya karakana, nenda ukaone mwenyewe. Naenda. Mlango wa buluu, mlango mweupe, mlango wa kijani. Mlango wa buluu, mlango mweupe, mlango wa kijani. Natembea mpaka magoti yanauma na milango ni ile ile. Kila mlango una kioo, na ndani ya kila kioo nipo mimi, mkono nimeuficha kwenye kanga, nikiwaambia wanaume nina udhu, nikiwaambia wanawake nina unga mkononi, nikimwambia mwanangu ni baridi tu. Uongo wangu wote umejipanga unanitazama, natamani ardhi ipasuke nidumbukie.

Mtu anatembea kando yangu. Hana uso, penye uso pamekuwa laini kama sahani iliyooshwa, lakini kavaa kanga ya marehemu mama yangu. Shikamoo, nasema. Marahaba. Mtaa huu unaishia wapi? Kwa mama yako ulikuwa mfupi, anasema, akishika mwiko aliuachia kwa taabu, basi. Kwako umerefuka. Na kwa Mwanamvua je? namuuliza. Anasema, Kitendawili! Mdomo wangu unaitika wenyewe, Tega. Nimempa asiyeomba, na mwenyewe nimebaki nacho. Najua jibu. Wallahi najua, liko hapa kiganjani linanichoma. Lakini kulitamka! Nasema, sijui. Basi nipe mji. Nampa Pangani. Anakwenda, anarudi palepale. Nilikwenda Pangani nikapokewa vizuri, anasema, ila kila niliyempa mkono hakuniachia. Kitendawili! Tega. Nimempa asiyeomba. Sijui, chukua Kilwa. Nampa Kilwa, nampa Lamu, nampa Bagamoyo, nagawa miji utadhani niliachiwa na baba yangu, na kila nikitoa mmoja mtaa unaongezeka, buluu, mweupe, kijani, buluu, mweupe, kijani, mpaka mji sina tena. Basi nipe nyumba ile, anasema, ananyoosha kidole. Kizingitini pa mlango wa buluu amekaa Mwanamvua, kanipa mgongo, anapakata mtoto, anamsogezea titi mdomoni, nyonya baba, nyonya, na mtoto hanyonyi, kichwa kinamlegea. Mama, anauliza bila kugeuka, ulikuwa unajua? Nataka kusema sikujua. Hata hapa, hata sasa, ulimi unatafuta mji wa kutoa. Ewe Mola, mama gani mimi, namtoa mwanangu kwa kuogopa midomo ya watu! Nanyoosha mkono nimguse bega, naye ananyoosha wake, ananishika.

Mama, amka, wageni wamefika. Ni Mwanamvua, wa hapa au wa kule sijui, ananivuta niinuke kwenye kiti. Barazani Bi Somoe, shangazi yake Twahiri, anapiga hodi kwa sauti ya mtu aliyezoea kufunguliwa. Nimekung'ang'ania tena, nasema, subiri vidole viachie. Navingoja. Vinaachia kimoja kimoja, mpaka mkono wangu uko wazi kabisa, na bado nimeshikwa. Natazama chini. Ni vidole vyake. Mwanamvua anacheka kidogo, macho kayaficha. Ni baridi tu, mama, anasema, nilikuwa naosha vyombo.

Uongo wangu, neno kwa neno, na nilidhani nimemfundisha kupika tu. Uso unaniwaka. Hodi tena. Dirishani, ng'ambo ya barabara, mlango wa jirani ni wa buluu, na sikumbuki kama jana ulikuwa wa buluu. Huenda bado nimelala. Huenda ukumbi huu nao ni mtaa ule ule. Mama, wageni! Wangoje, nasema. Kitendawili. Mama, jamani, sasa hivi? Kitendawili, mwanangu. Ananitazama vizuri, anaona machozi, kicheko kinamfutika usoni. Tega, anasema, na mkono wake haujaniachia.