Pikipiki Iliyokataa Kutulia

Kwa mara ya tisa asubuhi ile Barthélemy alipiga kiki, na kwa mara ya tisa pikipiki ikawaka vizuri kabisa. Hapo ndipo palipomuuma. Afadhali ingekataa kuwaka! Pikipiki isiyowaka ina ugonjwa unaojulikana: utatazama plagi, utatazama petroli, mwisho utaupata. Hii iliwaka na kuvuta kwa nguvu zake zote, lakini alipoachia gesi mwendo wa injini haukushuka. Ilibaki juu, inakimbia palepale iliposimama, kana kwamba kuna mtu ameshika mkono wa gesi na hataki kuuachia.

"Shuka," aliiambia. "Shuka, mushenzi weye."

Haikushuka. Akaizima kwa hasira na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Ilikuwa Ijumaa, wiki ya tatu tangu alipoliondoa turubai lililoifunika pikipiki. Pikipiki hiyo ilimpeleka kiwandani na kumrudisha nyumbani mtaa wa Kikula miaka kumi na tisa, kisha ikalala miaka kumi na mmoja kwenye kibanda cha mabati kando ya nyumba, kibanda ambacho yeye peke yake alikiita garaji. Aliifufua kwa sababu moja tu. Binti yake Viviane, muuguzi, alikuwa amepata kazi kwenye kituo cha afya upande wa Kakanda, na angeondoka Jumamosi saa tatu asubuhi. Kule muuguzi huitwa vijijini kuzalisha wanawake, na asiye na pikipiki hufika mtoto ameshazaliwa au ameshakufa. Barthélemy alisimama mbele ya familia nzima, siku ya kusherehekea barua ya kazi, akatangaza kwamba mwanawe atapanda pikipiki ya baba yake, iliyotengenezwa kwa mikono ya baba yake. Hakuna aliyemwomba. Alijifunga kamba mwenyewe, tena kwa fundo zuri.

Na kazi aliifanya, asinyimwe haki yake. Alibadilisha pete za pistoni, akabadilisha mnyororo, akapiga rangi tangi mpaka likang'aa. Kabureta aliifungua mara sita na kuisafisha kwa petroli na mswaki wa mke wake, kosa ambalo bado lilikuwa linazungumzwa nyumbani humo. Kilichobaki ni ralanti tu, yaani ule mwendo wa injini ikikaa yenyewe bila kuguswa. Mafundi wote wa Likasi wanajua kwamba ralanti ndiyo roho ya pikipiki. Ukiwa kwenye mteremko wa vumbi, ukaachia gesi, injini ikaendelea kukusukuma, utaishia mtaroni, wewe na sanduku lako la dawa.

Sasa, huyu Barthélemy hakuwa fundi wa hivihivi. Kiwandani walimwita Sikio. Alifanya kazi miaka thelathini kwenye kinu cha kuponda mawe ya shaba, na katikati ya kishindo kile cha kupasua kichwa aliweza kuinua kidole na kusema beringi ipi itakufa wiki ijayo. Baadaye, mtaani, watu walimletea pikipiki zao. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, anafumba macho, kisha anasema ugonjwa kabla hajafungua hata nati moja.

Wiki hizi tatu alikuwa ameiweka bisibisi pale mfupani mpaka ngozi ikachubuka. Alisikia kishindo cha chini, ule mdundo mzito, basi. Juu ya mdundo hapakuwa na kitu. Injini ilikuwa kama mtu anayezungumza nyuma ya ukuta.

Alikuwa na maelezo yake. Watu wa siku hizi hawafungui vinywa: padri ananong'ona misa, wajukuu wanatafuna maneno, redio zinauzwa zikiwa zimekufa nusu. Hata lile birika ambalo Viviane aliwaletea kutoka Lubumbashi, lenye kifilimbi mdomoni cha kulia maji yakichemka, lililia miezi michache tu, halafu filimbi ikafa. Barthélemy aliwahi kumwambia mke wake asikubali tena kununuliwa takataka kama hiyo. Mke wake alimtazama, akasema sawa. Kwamba kinu kile kilikuwa kimemla masikio kidogo kidogo miaka thelathini, hilo wazo lilimpitia mara moja moja, na kila lilipokuja alilifukuza kama mbuzi wa jirani.

Mke wake, Angèle, alikuwa amesema kitu siku ya kwanza kabisa injini ilipowaka. Alikuja na ungo wa maharagwe, akasimama mlangoni, akakunja uso.

"Baba Viviane, hii pikipiki yako iko inapiga filimbi."

"Filimbi gani?"

"Filimbi, fii, ile ya upepo. Ndani ndani mule."

Barthélemy alitega sikio. Mdundo tu. "Hakuna filimbi. Weye angalia bukari yako, uniachie injini yangu."

"Bon, sawa," alisema Angèle, akarudi kwenye jiko lake la makaa. Hakusema tena. Mwanamke aliyeambiwa aangalie bukari yake, yaani ugali, huangalia bukari yake, na mume aliyesema hivyo huila bila kitoweo cha maana siku mbili, jambo ambalo lilitokea.

Saa nane mchana ile Ijumaa akaja Jimmy, fundi mwenye atelieri yake, karakana ya pikipiki, karibu na soko, mtu mzima mwenye watoto wanne, aliyejifunzia kazi katika kibanda hikihiki. Injini ilikuwa inaunguruma. Barthélemy alipokiona tu kivuli chake mlangoni akaizima haraka.

"Jambo, papa."

"Jambo. Unatafuta nini?"

"Viviane njo ananituma. Anasema kama pikipiki iko inasumbua, niipeleke ku atelier. Mu saa mbili tu itaisha."

"Iko inasumbua nani?"

Jimmy alitazama chini, palipojaa skrubu, matambara na kabureta ya akiba iliyofunguliwa matumbo. "Apana kukasirika, papa. Iwashe tu, nisikie."

Hilo ndilo neno alilokuwa analiogopa. Nisikie! Mtu aliyefundishwa na yeye kushika bisibisi aje asikie ndani ya kibanda chake kile ambacho mwenyewe hasikii, kisha kesho soko zima la Kikula lijue kwamba Sikio amekwisha. Barthélemy alijifuta mikono polepole, akasema injini imepata joto, haifai kuwashwa sasa. Hata mtoto asingedanganyika na uongo huo. Jimmy aliitikia kwa heshima, akaaga, akaenda.

Baada yake akaja Viviane mwenyewe, mkoba begani, amechoka na maandalizi. Alimsogelea baba yake hadi uso kwa uso.

"Papa, kesho saa tatu. Kama haiko prêt, nitapanda lori. Haina shida."

Ile "haina shida" ilimkata kuliko tusi. Binti alikuwa ameshamsamehe mapema, kama mtu anavyomsamehe mzee. Barthélemy akaingia tena kibandani na kuishambulia kabureta kwa mara ya saba. Aliifunga skrubu ya hewa, akaifungua, akaifunga nusu. Akapiga kiki. Injini ikapanda, ikakaa huko huko juu. Akazima, akafungua, akaweka sindano ya ile kabureta ya akiba, akawasha. Juu. Akafumba macho na kubana bisibisi nyuma ya sikio kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka. Mdundo, mdundo, mdundo. Akairusha spana. Ikagonga bati, ikarudi, ikampiga kwenye muundi wa mguu, naye akatukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kiluba, na hakuna lugha iliyomsaidia.

Akatoka nje akichechemea. Jua la kiangazi lilikuwa linashuka na baridi ya Julai ilikuwa imeanza kuuma. Angèle alikuwa ameketi kwenye kona ya ua akichambua mboga, amelipa jiko mgongo. Birika lilikuwa juu ya makaa. Barthélemy alikuwa analitazama bila kulitazama, mvuke ukachomoza mdomoni mwa birika, kwanza mwembamba, halafu mwingi. Na Angèle, bila kugeuza kichwa, bila kuona mvuke wala birika, akaweka mboga chini, akainuka, akaenda moja kwa moja kuliondoa.

Barthélemy alisimama hapo hapo.

"Lirudishe," alisema.

"Nini?"

"Birika. Lirudishe ku moto."

Angèle alimtazama, akalirudisha. Mvuke ukatoka tena. Barthélemy aliinama, akasogeza sikio mpaka joto likamchoma shavu. Hakusikia chochote. Akanyoosha kidole akagusa kile kifilimbi, na kikawa kinatetemeka chini ya kidole chake, kizima kabisa, kinalia kwa nguvu zote.

Aliketi chini, palepale kwenye vumbi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba na alitaka kulia kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Ilianza lini?" aliuliza.

"Tangu Pâques, ile Pasaka ya mwaka ule mwingine." Angèle aliliondoa birika na kuchuchumaa mbele yake. "Njo maana ninakuya kwanza mbele ya macho yako, kisha ninasema. Na batoto niliwaambia vile vile."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambia," alisema Angèle. "Haukusikia."

Barthélemy alimkazia macho apate kukasirika, akakuta hana hasira iliyobaki. Akacheka, kicheko kibaya kidogo, chenye kikohozi ndani yake. Halafu akainuka na kumshika mkono.

"Kuya, Mama Viviane. Uniambie ile filimbi yako iko wapi."

Kibandani alimpa kipande cha mrija mwembamba wa mpira, cha urefu wa mkono, akamwonyesha: ncha moja sikioni, nyingine itembee juu ya injini, taratibu, kama daktari. Akawasha. Injini ikapanda na kukwama juu kama kawaida yake. Angèle alipitisha mpira kwenye silinda, akatikisa kichwa. Akaupitisha kwenye kabureta, akatikisa kichwa. Alipofika kwenye shingo ya mpira inayounganisha kabureta na injini, upande wa chini, alishtuka, akaondoa ncha sikioni.

"Hapa! Hapa njo iko inalia!"

Barthélemy alizima, akafungua kibano cha chuma kinachoishika shingo hiyo ya mpira, akaikunja chini ya mwanga wa simu. Ufa. Ufa mwembamba, umejificha chini kabisa ya kibano, unaofunguka injini ikivuta pumzi na kufungika ikizimwa. Hewa ilikuwa inaingilia hapo wiki tatu nzima, na yeye alikuwa anaiadhibu kabureta isiyo na hatia. Mke wake alikuwa ameutaja siku ya kwanza, na yeye akamtuma jikoni. Aliona aibu, aibu ya kweli inayopasha masikio moto, hata haya yasiyofanya kazi.

Alikata kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, akaufunga ufa mara mbili, akabana vyuma viwili juu yake. Alipowasha tena na kuachia gesi, kidole chake kwenye tangi kilihisi mtetemo unashuka.

"Bado kidogo," alisema Angèle.

"Bado nini?"

"Haijalia vile ilikuwa inalia. Ile ya kutoka kazi. Miaka yote ile, ukifika kwa kona ya duka ya Fatu, nilikuwa nasikia, naweka maji ya bukari. Haukuwahi kuikuta baridi, ama namna gani?"

Hakuwahi. Miaka kumi na tisa alidhani ni bahati yake tu kufika chakula kikiwa moto. Akashika bisibisi, sasa kwa kazi yake ya kawaida ya kugeuza skrubu, akamtazama mke wake. Angèle alifumba macho na kuinua kiganja. Kiganja kikapanda, naye akafungua robo. Kikashuka, akafunga kidogo sana. Kikapanda unywele mmoja. Kikasimama.

"Hapo. Usiguse tena."

Asubuhi, saa tatu kasoro, Viviane aliketi juu ya pikipiki, sanduku limefungwa nyuma kwa kamba za mpira. Jimmy alikuwa amekuja pia, kwa udadisi zaidi kuliko kuaga. Alitega sikio, uso wake ukafunguka.

"Papa! Ralanti ya namna hii! Nani aliishika?"

Kwa muda Barthélemy alikuwa na jibu tayari ulimini, jibu tamu la zamani.

"Mama yake," alisema. "Miye siko nasikia tena, Jimmy. Yeye njo alisikia."

Viviane alimkumbatia baba yake bila kushuka kwenye kiti, kofia ya chuma ikamgonga pua, kisha akaingiza gia na kuondoka. Vumbi jekundu likamfunika kabla hajafika kwenye mwembe wa jirani. Kwa Barthélemy dunia ilinyamaza mara moja. Jimmy akaaga, akaenda zake. Mume na mke walibaki mbele ya lango, wanatazama barabara tupu.

"Ungali unamusikia?" aliuliza Barthélemy.

"Namusikia. Iko kwa duka ya Fatu." Angèle alisogea mbele yake ili aione midomo yake. "Anaongeza gia. Inashuka muzuri."

"Na sasa?"

"Eko anapita soko."

Barthélemy alijua vizuri kwamba ukishapita soko, hata sikio la mbwa halifikishi sauti mpaka hapa. Hata hivyo aliuliza tena.

"Bado unamusikia?"

"Bado," alisema Angèle, na hakuondoka mbele yake.