Feza Anakula Mchana

Siku ya mbio za kuchagua wasichana wa kwenda kushindana Kinshasa, Feza aliamka, akaona damu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mama yake, mama Kulthumu, akaja kuuliza amepatwa na nini. Alikuwa amepatwa na ruhusa ya kula. Ramadani yote alikuwa anafunga na kukimbia, ulimi umekauka, na jua la Novemba halikumwonea huruma. Nchi ilikuwa imeitwa Zaire kwa wiki chache tu, kila mtu anazungumzia jina jipya, yeye anawaza maji. Sasa Mungu mwenyewe amemwambia: wewe leo hufungi. Binti wa watu akacheza rumba katikati ya chumba, peke yake, kitenge mkononi.

Nyumbani kwao, mtaa wa Bel-Air, mwanamke aliye katika siku zake hula kwa kujificha, wanaume waliofunga wasione. Basi yeye na mama yake walijifungia jikoni nyuma ya nyumba, Feza akaishambulia bukari, ugali wa jana, na mboga zake. Tumbo lilikuwa linamkata kidogo, lakini halikumtisha. Mwili wake alikuwa anaujua: akizunguka uwanja polepole mara chache, maumivu yanalegea na miguu inaamka. Mama yake alikunja kitambaa safi, akakikaza kwa pini, akamwambia aruke. Akaruka, akaruka tena. Hakikusogea, na wote wawili wakacheka wameziba midomo kwa viganja.

Kilichobaki ni kocha. Monsieur Godefroid alikuwa mtu mwema, mtoto wa fundi wa reli, hakosi misa, ila kichwa chake kilikuwa kigumu: msichana aliye katika siku zake ni mgonjwa, na mgonjwa hakimbii. Mwezi uliopita alimtoa Victorine, rafiki yake Feza, mashindanoni kwa sababu hiyo hiyo, mtoto wa watu akalia mpaka macho yakavimba. Leo akigundua, safari ya Kinshasa imekufa, na Feza ataendelea kuzitazama ndege za uwanja wa Luano kutoka chini tu.

Uwanjani njaa ilirudi. Victorine akamvuta rafiki yake nyuma ya ukuta, akampa mkate na maji, akasimama kulinda. Ulinzi gani huo, na mlinzi mwenyewe anacheka mabega yanatikisika? Kocha akasikia, akaja, akamkuta Feza mashavu yamejaa.

Sasa mwone bwana huyu alivyofikiri. Damu haikumjia akilini hata kidogo. Kilichomjia ni dhambi. Yeye anayeshika Kwaresima bila kuonja nyama akamwona binti wa Kiislamu anamwibia Mungu mchana kweupe. Alimshika mkono, mkate bado uko mkononi, akampeleka moja kwa moja kwa baba yake, papa Asani fundi cherehani, aliyekaa kwenye viti vya watazamaji na midomo yake mikavu ya saumu. Akamweleza kwa uchungu kwamba binti amekula Ramadani, na kwamba anayemdanganya Mungu hawezi kuuwakilisha mji.

Feza alitamani ardhi ipasuke. Akisema ukweli, hakimbii. Akinyamaza, ni mla Ramadani mbele ya watu, na bado hakimbii. Kibaya zaidi, kicheko kilikuwa kinampanda kooni, na Victorine nyuma yake alishaanza kujikohoza ili kuficha chake.

Papa Asani aliutazama mkate, akamtazama binti, kisha akageuka kuyaangalia mawingu kwa makini, utadhani ameulizwa habari za mvua. Tangu Feza azaliwe, jambo hilo la wanawake lilikuwa halijatajwa kati yao.

"Monsieur Godefroid," akasema, bado anaangalia juu, "kwetu mutoto mwanamuke akikula mchana wa Ramadani, baba haulizi. Na weye usiulize."

Polepole ikamwingia kocha. Akauachia mkono wa Feza haraka.

"Kumbe iko mugonjwa," akasema kwa sauti ya chini. "Basi, papa, hatakimbia."

Papa Asani akashusha macho kutoka mawinguni.

"Mugonjwa? Mwezi muzima alikimbia na njaa, bila maji, haukusema iko mugonjwa. Leo njo amekula, njo unamwita mugonjwa?"

Watu wa karibu walikuwa wanasikiliza bila aibu yoyote. Filimbi ikaita wa mita mia nane, kocha akapunga mkono: nendeni, nendeni.

Feza alikimbia na furaha imemjaa mpaka visigino. Kwenye kona ya mwisho alimpita msichana mrefu wa timu ya reli, akamsikia Victorine anapiga vigelegele, na akavuka mstari akiwa wa kwanza, anahema na kucheka, akajitupa kwenye nyasi.

Alipoinua kichwa alimwona baba yake anashuka kutoka kwenye viti, kofia kichwani, anakatiza uwanja mbele ya wote, wakiwemo wazee anaosali nao. Alikuwa ameshika chupa ya maji, yeye ambaye hakuwa ameonja tone tangu alfajiri. Akaifungua mwenyewe, akampa.

"Kunywa, mutoto wangu."

Feza akanywa, na papa Asani akasimama pale pale mbele ya watu mpaka chupa ikaisha.