Mlango Niliougeuza Meza

Mlango wa kwanza niliung'oa mimi. Watu wamesahau, nami siwakumbushi.

Ulikuwa wa ofisi ya ardhi. Mke wangu alifuatilia kiwanja cha marehemu mama yake miezi kumi na moja. Kila akifika anakuta mlango umefungwa, mtu yuko ndani ananong'ona na karani. Asubuhi moja akaniambia, "Fundi, chukua bisibisi twende." Ndivyo alivyoniita siku zote, hata tukiwa wawili tu. Nikafungua bawaba tatu, nikauegemeza mlango ukutani. Karani akabaki ameduwaa kama kuku aliyenyeshewa. Watu wakapiga makofi, mke wangu akalia. Wiki ileile hati ikatoka.

Sikuona kosa siku ile, na hata leo silioni.

Ndivyo Wawazi walivyoanza: walimu, wauguzi, mafundi, watu waliochoka kuambiwa njoo kesho. Ofisi zikabaki bila milango, na rushwa ikapungua kweli, asikudanganye mtu. Walipochukua nchi, ikaja zamu ya maduka, halafu nyumba. Mwenye nia safi anaficha nini? Mapazia yakafuata. Kisha vyoo.

"Sasa nitajuaje kama kuna mtu ndani?" jirani yangu, fundi viatu, aliuliza mkutanoni.

"Utamwona," akajibiwa.

Akaanza kukohoa kila akienda chooni. Mtaa mzima ukamwiga, ungedhani sote tuna kifua kikuu. Baada ya mwezi kukohoa chooni kukakatazwa. Walisema hiyo nayo ni hodi.

Na hodi ilikuwa imeshapigwa marufuku. Anayebisha hodi anampa mwenzake muda wa kuficha. Anayejibu karibu amekiri kwamba alikuwa na cha kuficha. Sheria hiyo aliiandika mke wangu jikoni kwetu, mimi nikimenya viazi.

"Na mgeni ataingiaje?" nilimuuliza.

"Ataingia tu."

"Kama mbuzi?"

Akacheka. Wakati ule bado alikuwa anacheka.

Mwaka uliofuata akahamia ukumbini, makao yao makuu, wanakolala wote kwenye chumba kimoja. Kwa Wawazi, mume na mke ni siri ya watu wawili.

"Sikuachi, fundi," alisema huku akikunja nguo zake. "Sitaki tu niwe na mahali pa kujificha."

"Mimi si mahali pa kujificha."

Akanitazama. "Wewe ndiye mahali pekee paliponibakia."

Akaondoka. Hakukuwa na mlango wa kufunga nyuma yake.

Tangu hapo watu hupita ndani kwangu saa yoyote, wengine hata salamu hawatoi. Kwa hiyo sikukosa watu. Nilikosa kitu kidogo, na naona haya kukisema. Kabla ya sheria ile, kila nilipotoka karakana nilikuwa nabisha hodi nyumbani kwangu mwenyewe, na mke wangu hujibu kutoka jikoni, "Karibu, fundi, viatu nje." Akirudi yeye na kubisha, mimi hujibu, "Leo hatununui kitu." Miaka kumi na tisa mzaha ni uleule, na haukutuchosha.

Walipoagiza milango yote ikatwe kuni, wa chumbani kwetu sikuukata. Nyuma yake palikuwa na msumari ambao mke wangu alitundikia gauni lake la kazini. Nikaung'oa msumari, nikaziba tundu kwa unga wa mbao na gundi, nikaupigilia mlango miguu minne, ukawa meza. Wakaguzi walipokuja, mmoja wao akauliza mbona meza ya mtu mmoja ni ndefu hivi.

"Nina hamu ya wageni," nikasema.

Mke wangu alikuwa ndiye kiongozi wao siku ile. Akapitisha kiganja juu ya mbao, kikasimama kidogo karibu na pembe, kikaendelea. "Andika meza," akasema, akatoka.

Miezi sita nikaishi na lile neno.

Kisha ukumbi ukaniagiza mabenchi manane. Niliyapeleka siku ya Jumanne asubuhi. Yeye alikuwa ameketi akiupa mgongo mwanya wa mlango, anasoma karatasi, wenzake kama ishirini wamemzunguka. Nikaona shingo yake. Nywele zilikuwa zimeingia mvi bila mimi kuwepo.

Sitajitetea. Sikuteleza ulimi, wala sikusahau sheria. Nilitaka tu kulisikia jibu lake tena, mara moja, hata kama watanifunga mimi. Kwamba wangemfunga yeye, sikuwaza. Ndiyo akili yangu ilivyo, huenda mbele hatua moja tu.

"Hodi," nikasema.

"Karibu, fundi, viatu nje," akajibu. Hakugeuka hata. Sauti ilikuwa ileile ya jikoni.

Binti mwenye miwani, katibu wake, ambaye mke wangu alimfundisha mwenyewe, akainuka.

"Mama, umesema nini?"

Mke wangu angeweza kukana. Angesema amenikemea, na wangemwamini. Akaiweka karatasi chini.

"Nimesema karibu."

"Kosa ni langu," nikasema. "Mimi ndiye niliyebisha."

"Nyamaza, fundi." Akamgeukia yule binti. "Adhabu ni siku ngapi?"

"Tisini, Mama." Akaivua miwani yake. "Wewe ndiye uliyeziandika."

"Basi jaza fomu, mwanangu. Usikosee tarehe."

Walipompitisha mbele yangu akapunguza mwendo.

"Lile tundu la msumari uliliziba vibaya," akasema. "Nililisikia kwa kidole."

Mimi walinipa onyo tu; yeye ni kiongozi, mimi ni fundi. Sasa yuko uwanja wa mpira, katikati ya nyasi, bila ukuta wala paa, apate kuonekana pande zote. Mimi huenda kila siku kukaa jukwaani. Kuzungumza hakuruhusiwi. Jua linampiga, mvua inampiga, naye ameketi wima kama yuko mkutanini. Jana ilikuwa siku ya themanini na nne.

Leo nimeing'oa ile miguu minne, nikaurudisha mlango kwenye fremu yake, nikapigilia msumari mpya mahali pa ule wa zamani. Fundi viatu akasimama barabarani ananitazama.

"Watakuja, ndugu yangu."

"Waje."

"Na utajuaje kama ni wao?"

"Wao hawabishi hodi," nikamwambia, nikaingia ndani, nikafunga.