Bingwa wa Kumi na Moja

Barua ilifika Jumanne, na kufikia Jumamosi ilikuwa imeshapata alama mbili za grisi na duara la kikombe cha chai. Fundi aliisoma kila alipopumzika, na kila alipomaliza aliitupa kwenye meza ya spana kana kwamba imemtukana. Haikuwa imemtukana hata kidogo. Ilitoka kwa chama cha mbio za baiskeli, ina muhuri na kila kitu, na ilisema kwamba baada ya miaka thelathini na moja chama kimeamua kumtangaza yeye kuwa bingwa wa mbio za milimani za mwaka ule, mbio ambazo, tusidanganyane, alimaliza wa kumi na moja.

Ukifuata mambo yalivyokwenda, utacheka. Aliyeshinda alikiri mwenyewe kwamba alitumia dawa za kuongeza nguvu. Wa pili alikutwa na vichupa vyake hotelini mwaka uliofuata. Wa tatu mpaka wa tisa waliangushwa na mikojo yao wenyewe, iliyokaa kwenye majokofu miaka yote hiyo ikisubiri mashine zenye akili zaidi. Wa kumi alihojiwa redioni akajisahau, akasema yote. Basi kidole cha chama kikateremka kwenye orodha hadi kikamkuta mtu anayenyoosha rimu kwenye karakana yake, hana habari. Kilichotakiwa ni sahihi tu, chini ya maneno kwamba hakuwahi kutumia dawa na kwamba anaukubali ubingwa. Asiposaini kabla ya Jumatatu, mahali pa jina la bingwa pataachwa wazi daima.

"Paachwe," Fundi alimwambia mkewe. "Bingwa gani anafika dakika tisa baada ya mshindi, watu wameshaoga?"

"Waliooga mapema walikuwa wamejaa madawa. Ukiyaondoa madawa, nani alikuwa mbele yako?"

"Sijui. Wala wewe hujui. Hakuna anayejua, na ndiyo maana sisaini."

Mkewe akabeba vikombe akarudi ndani. Alikuwa na haki ya kuchoka, maana habari hii ilikuwa ya nyumbani kwao. Mshindi aliyenyang'anywa ushindi alikuwa kaka yake wa kuzaliwa naye.

Kwenye timu, kaka huyo aliitwa Nahodha, na Fundi siku hizo aliitwa Mtungi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kumbebea Nahodha maji na kutangulia mbele yake kumkinga upepo. Hiyo ni kazi halali kabisa, kila timu inao watu wake wa namna hiyo. Wanajichosha tangu asubuhi ili mtu mmoja afike mlimani miguu ikiwa bado mibichi. Mtungi aliifanya miaka minane, hakushinda hata mashindano ya mtaani, na alipochoka kumbebea kaka maji akamuoa dada.

Leo ukiwaweka wale wawili pamoja, utashangaa. Nahodha alishinda mara tatu, picha yake ikabandikwa kwenye mabasi, watoto wakapewa jina lake. Sasa ana moyo uliovimba kupita kiasi, kisanduku cha vidonge chenye vyumba vya asubuhi na jioni, na mifupa ya kuhurumiwa. Mwaka jana alivunjika mkono akifungua kopo la jamu. Fundi ana miaka hamsini na sita, hana picha popote, na bado anapanda kilima akiwaendeshea wateja baiskeli zao kuwarudishia, huku akipiga mluzi.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, Nahodha alionekana akija kwa miguu kutoka kituoni. Alisimama mara tatu njiani, na kila mara alijifanya anaangalia bidhaa madirishani. Mara ya tatu lilikuwa duka la nguo za uzazi.

"Unatarajia kujifungua lini, shemeji?" Fundi akamuuliza alipofika.

"Niache niheme kwanza, kisha unitukane."

Fundi alimvutia kiti. Nahodha akaiona barua, akaisoma taratibu, akaona pale pa sahihi pako peupe.

"Hujasaini."

"Wanataka nipande jukwaani waniite mwadilifu," Fundi akasema. Alikuwa anakaza spoku na hakuinua macho. "Shemeji, wewe unanijua. Mimi sikukataa dawa kwa uadilifu. Niliogopa sindano."

Nahodha alicheka mpaka akalazimika kushika kifua. "Siku ya chanjo ulimwangukia nesi."

"Nesi na trei yake."

"Daktari wa timu akasema huyu mwacheni, atatufia bure." Nahodha akajifuta machozi. "Lakini kulikuwa na vidonge pia. Vidonge havina sindano. Mlango wa choo haukufungwa vizuri, nikakuona unavimwaga vyote, unavuta maji mara mbili kuhakikisha. Usijifanye mwoga kuliko ulivyo."

Kwa miaka yote Fundi aliamini hakuna aliyemwona.

Nahodha akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kifuko cha nailoni, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne, imegeuka njano. Akaiweka juu ya barua.

"Soma hiyo pia."

Ilikuwa karatasi ya kocha, ya kambi yao ya kwanza kabisa. Fundi aliikumbuka kambi ile. Walipandishwa kwenye baiskeli ya kupimia, ile isiyokwenda popote, wote kwa mzigo uleule, wapige pedali mpaka miguu igome, na atakayedumu zaidi ndiye mkali. Alipomaliza, kocha alimpiga begani akamwambia amejitahidi. Hakuambiwa zaidi, na yeye hakuuliza. Mtungi hakuwa mtu wa kuuliza.

Karatasini kulikuwa na majina mawili juu ya mengine. Nahodha, dakika thelathini na sita. Yeye, arobaini na moja.

"Wakati huo sote tulikuwa tunakunywa maziwa tu," Nahodha akasema. "Hapakuwa na dawa yoyote. Kocha alishawaahidi wadhamini jina langu, akaificha karatasi kwenye droo. Mimi nikaiona jioni ile, nikaichukua. Kesho yake asubuhi nilimfuata daktari mimi mwenyewe, nikamwomba dawa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuogopa wewe."

Fundi aliweka spana chini. Hasira ilimpanda, hasira safi kabisa, ya miaka minane ya kubeba chupa mgongoni na kugeuka nyuma kila kona kuona kama Nahodha amebaki. Mara ngapi alipunguza mwendo akidhani anamsubiri mkali kuliko yeye.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa amesikia. "Kaka, kila Jumapili unakula kwangu."

"Kila Jumapili nakuja nayo humu mfukoni," Nahodha akasema. "Kila Jumapili narudi nayo."

"Kwa nini leo?" Fundi akauliza.

"Kwa sababu ya Jumatatu. Ukiacha pale wazi, itakuwa nimekuibia mara mbili." Nahodha alivuta pumzi. "Watu wananiuliza habari za moyo na mifupa. Hayo nimeshayazoea. Kisichozoeleka ni kutojua. Kila nilichoshinda, sijui ni mimi au ni dawa. Kipimo changu cha kweli ni hicho hapo, hakuna kingine, na kinasema mimi ni wa pili kwako."

Fundi aliisoma karatasi tena, na akairudia. Hasira ilikuwepo bado, na alijua itakuwepo kesho na keshokutwa pia, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine kinachochemka, na alipokitazama vizuri aliona ni furaha. Furaha ya kitoto kabisa, ya kutaka kutoka barabarani amshike mpita njia amwonyeshe. Arobaini na moja. Machozi yakamtoka na hakuyaficha.

Akafuta mkono kwa kitambaa, akachukua kalamu ya risiti, akasaini. Mbio zile za milimani hakuzifikiria. Alimfikiria kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyeshuka kwenye baiskeli ya kupimia akiwa hoi, akaenda kukaa mwisho wa benchi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae mbele.

Mkewe akaichukua barua kabla hajabadili mawazo, akaipuliza wino ukauke.

Nahodha aliweka mikono magotini. "Tungekwenda wote bila dawa siku ile ya mbio, mimi na wewe," akasema, "ungenishinda kwa kiasi gani?"

Kwa miaka thelathini na zaidi Fundi angejibu kwamba nani ajuaye, pengine wewe ndiye ungeshinda, shemeji.

"Dakika tano," akasema.

Nahodha akatikisa kichwa kukubali, akaomba chai.