Verna na Kigari cha Kukodi

Verna aliendesha basi la shule mjini Toledo miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtoto aliyewahi kumpanda kichwani. Ndiyo maana mumewe, Delbert, alipomshauri akodi kigari cha umeme kwa siku zao tatu kwenye bustani ya michezo ya Orlando, alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Vile vya wazee?"

"Una miaka sabini na mbili, mpenzi. Ulidhani ni vya nani?"

"Mimi nina goti bovu. Uzee ni kitu kingine."

Goti hilo lilikuwa limepasuliwa Februari. Siku ya kwanza Verna alitembea kutoka kwenye maegesho, akavuka lango, akafika duka la kwanza la kofia, kisha akaketi kwenye benchi na kujifanya anatafuta miwani mkobani. Delbert akaketi kando yake. Akaanza kupiga mluzi taratibu.

"Haya, yaishe," Verna akasema. "Lakini ukinipiga picha, tunaachana."

Kwenye banda la kukodisha, dada mmoja alimwonyesha honi, kapu la mizigo na kipini cha kubonyeza kwa kidole gumba ili kigari kiende. Kabla hajamaliza, Verna alishatazama nyuma juu ya bega la kushoto, kisha la kulia, akarudi nyuma mstari mnyoofu hadi nje.

"Mama, umewahi kuendesha hivi?"

"Niliendesha basi la abiria sabini, mwanangu. Wote wakipiga kelele."

Tangu hapo, kumpata ikawa kazi. Alipita katikati ya vigari vya watoto bila kumgusa mtu. Aliwapigia honi vijana waliosimama njiani wakichezea simu, nao wakaruka pembeni. Delbert alimfuata nyuma kwa mwendo wa nusu kukimbia, jasho likimtiririka.

Saa saba mchana Verna aligeuka, akamwona yuko mbali.

"Unachechemea!"

"Nacheza muziki."

"Muziki upi? Hapa kuna vyoo tu. Hebu vua hivyo viatu."

Vilikuwa viatu vipya, alivyokatazwa kuvaa. Kisigino kilikuwa na lengelenge kubwa kama kifungo cha koti, na soksi ilishaingia damu. Kicheko kikamkauka Verna. Mtu huyu alilala kwenye kiti cha hospitali usiku nne mfululizo Februari ile, na leo alikuwa ametembea hivi tangu asubuhi, asije akamharibia raha yake.

"Mjinga wewe," akamwambia kwa sauti ya chini, akimfunga plasta. "Twende ukakodi chako."

"Mimi? Watu wataniona!"

"Una sabini na tano, babu. Watakupisha."

Kwenye kigari chake, Delbert aligonga pipa la taka, akarudi akaligonga tena, kisha akammwagia bisi zake bwana mmoja aliyekuwa amekaa zake kimya.

"Achia kidole, Delbert! Achia!"

"Nimeachia!"

"Hicho ni kidole kingine!"

Verna alicheka mpaka akalazimika kuegesha. Jioni Delbert aliweza kwenda mita mia bila kugonga kitu, akawa anajisifu kwa kila aliyekaa karibu nao wakila.

Kesho yake walikodi viwili tangu asubuhi. Delbert alimwomba dada wa banda, kwa unyenyekevu mkubwa, ampe chekundu.